Watoto wa Kulelewa katika Daftari la Ukoo

Mwaka 1987, uwele ulipokwisha kuvunwa na kuingizwa ndani, wazee wa ukoo wetu walikutana nyumbani kwa baba mkubwa, si mbali na Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, wakakata shauri kwamba nasaba yetu iandikwe isije ikazikwa pamoja nao. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na hati nzuri kuliko vijana wote waliohudhuria, na pengine kwa kuwa siku ile nilionekana sina kazi ya haraka, nilikabidhiwa daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huliita kaunta buku, pamoja na kalamu mbili, moja ya wino wa buluu na moja ya wino mwekundu. Ya buluu niliambiwa ni ya majina. Ya nyekundu haikutajiwa kazi yake, wala mimi sikuuliza. Nilidhani ni ya kupigia mistari.

Kazi yenyewe niliidhania kuwa nyepesi. Walakini kila mzee niliyemwendea alimjua baba yake vizuri, akamjua babu yake kiasi, na tulipofika kwa baba wa babu alianza kukohoa na kuulizia habari za mvua. Kila mmoja alimaliza kwa kunielekeza mahali pamoja: kamwulize bibi. Bibi huyu, ambaye nilikuwa nimeambiwa tangu utoto kwamba ni dada yake babu yangu mzaa baba, alikuwa mjane aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mume, naye kila asubuhi alikaa mlangoni pake akichambua choroko kwenye ungo. Kwa muda wa siku tatu alinitajia vizazi kumi na kimoja, na si majina matupu ya wanaume kama yalivyo katika nasaba nyingi, bali na wake waliowaoa, na kila mke alikotoka, na watoto waliokufa kabla ya kutembea, na yule aliyehamia Mgori kwa ugomvi wa kisima, na yule aliyelaaniwa na baba yake kwa sababu ambayo alinieleza kwa kirefu na ambayo sikuiandika. “Andika, mume wangu,” alikuwa akiniambia, kwa utani ambao mabibi wa kwetu huwafanyia wajukuu wao wa kiume, “na ukikosea ufute, maana huyu wa pili alikuwa mkali.”

Siku ya tatu tulifika kwenye watoto wa babu yake baba yangu. Nikaandika wana wanne na mabinti wawili, nikamwuliza yeye ni yupi kati ya hao mabinti. Akacheka. “Mimi simo humo,” akasema. “Mimi ni wa rehani.”

Msomaji wa pwani atalielewa neno hilo upesi zaidi kuliko nilivyolielewa mimi, maana rehani huko ni jambo la mashamba ya minazi na nyumba za mawe na vipuli vya dhahabu, mali ambayo mwenyewe huiweka mikononi mwa mwingine ili apate fedha leo, akitumaini kuikomboa kesho. Bibi aliwekwa yeye. Ilikuwa katika njaa ile kubwa iliyoishika nchi ya kati baina ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya: njaa iliyoanza kwa vita kabla ya kumaliziwa na jua, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalipita yakitwaa ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na majeshi ya Waingereza yakapita nyuma yao yakitwaa kilichobaki, kisha mvua zikakatika, na homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima ikawakuta watu hawana nguvu hata ya kuugua. Katika wilaya ya Dodoma peke yake wakuu wa serikali ya wakati ule walikadiria kwamba walikufa watu 30,000 katika watu 150,000. Waliosalia walitawanyika kutafuta chakula kwa majirani, na baadhi yao walipanda kaskazini, wakaingia nchi ya Wanyaturu, ambako njaa ilikuwapo pia ila haikuwa sawa kwa kila nyumba.

Katika nyumba ya babu yake baba yangu vilikuwa vimesalia vilindo viwili vya uwele. Mwanamke wa Kigogo alifika pale na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wa miaka kama sita. Alipewa kapu moja la uwele, akamwacha yule wa mkononi, akasema kwamba atarudi kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Mtoto yule, ambaye ndiye aliyenisimulia haya akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, hakukumbuka jina la baba yake, wala la kijiji chao, na la mama yake alilikumbuka kwa namna watoto walikumbukavyo, yaani “mama”. Alikumbuka mibuyu. Alikumbuka kwamba kwao mtu akisimama juu ya mwamba nyuma ya nyumba aliweza kuuona moshi wa gari moshi, na kwamba mama yake alimwonyesha moshi huo kwa kidole. Maana yake walikaa karibu na reli ya kati, upande wa Manyoni nadhani, maana nchi ya Ugogo inaingia huko hata leo ndani ya mkoa wetu wa Singida.

Nikamwuliza alipataje kuyajua majina yote yale ya ukoo usiokuwa wake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. Watoto waliozaliwa mle, alisema, walilala wazee waliposimulia, kwa kuwa aliye kwao halazimiki kusikiliza; yeye hakulala.

Jioni ile nilikwenda kwa baba mkubwa nikamweleza, nikidhani namletea habari mpya. Haikuwa mpya. Wazee wote walikuwa wakijua, na jambo la kumwandika lilikuwa limekwisha kuamuliwa hata kabla sijapewa kalamu. Akaniambia niliandike jina lake chini ya yale ya mabinti wawili, kwa wino mwekundu, na mbele yake niandike “wa kulelewa”. Sipendi kumdhulumu baba mkubwa katika kuisimulia hoja yake, kwa sababu haikuwa hoja ya mtu mwenye moyo mgumu. Daftari la ukoo, alisema, si kitabu cha kusifiana; ni kitabu cha kujua nani haruhusiwi kumwoa nani, na shamba hili lilitoka mkono gani likaenda mkono gani, na siku ya mirathi nani asimame na nani akae. Ukichanganya waliozaliwa na waliolelewa bila alama, baada ya miaka hamsini hapatakuwa na mtu ajuaye kitu, na ugomvi utakaozuka utakuwa umeandikwa na wewe.

Nilitii. Asubuhi nilikaa tena mlangoni kwa bibi nikinakili ukurasa ule kwa unadhifu, naye akiendelea na choroko zake. Bibi hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa mazima. “Mbona hapa umebadilisha kalamu?” akauliza.

Nikamjibu kwamba ile ya buluu imekwisha wino.

“Basi nunua nyingine,” akasema.

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi kuliko maneno ya walimu wangu. Na katika kuyafikiri nimejikuta nikiipima lugha yetu yenyewe, jinsi ilivyohangaika kumpatia mtoto wa namna hii jina la kumkalisha. Tuna mtoto wa kambo, na tuna mtoto wa kufikia, ambao wote wawili wameingia nyumbani nyuma ya ndoa ya mzazi. Tuna mtoto wa kupanga, msemo wa siku nyingi, ambao sijapata kuusikia bila kumwona mtoto huyo akilipa kodi ya chumba kila mwisho wa mwezi. Sheria ya leo imechagua kuasili, kutokana na asili, ambalo Waarabu hulitumia kwa shina na mzizi. Ni neno zuri la mahakamani, lakini lina madai makubwa, kwa kuwa linasema kwamba hakimu aweza kumtilia mtu mzizi pale ambapo hakuuota. Neno nyenyekevu kuliko yote ni lile la kulea. Halidai kuzaa wala halikani. Ndilo lililotumika hata katika methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aghalabu anayeitaja ni mtu aliyezaa na asiyelea.

Wala dini zetu, ambazo katika ukoo wetu zinakaa ua mmoja na kugawana chumvi, hazikuliacha jambo hili bila neno. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume hata watu wakawa wakimwita Zaid bin Muhammad, na aya za mwanzo za Surat al-Ahzab ziliposhuka akarudishiwa jina la baba yake aliyemzaa. Na wako wanaolisikia hilo kama kwamba mtoto alisukumwa nje ya mlango, ilhali aya zizo hizo zinawataja wasiojulikana baba zao kuwa ni ndugu katika dini, na sheria iliyomnyima mlelewa fungu la mrithi ilimwachia mlezi thuluthi ya mali yake amwusie atakaye asiyekuwa mrithi. Upande wa pili wa ua, Walutheri wetu husoma katika Mathayo na katika Luka nasaba mbili ndefu za Yesu, na zote mbili, pamoja na tofauti zake nyingi za majina, zinapitia kwa Yusufu, ambaye waandishi wale wale wanakiri kwamba hakumzaa. Basi wa kwanza walitaka jina la mzazi lisifutwe, na wa pili walitaka jina la mlezi lisiachwe. Sikuona katika hao wawili aliyetaka kalamu nyekundu.

Laiti bibi angaliachwa mahali pengine katika mkoa huu huu, swali lingalikuwa jingine kabisa. Kwa sisi Wanyaturu mtoto hufuata ukoo wa baba. Lakini ukienda Mkalama kwa Wanyisanzu, na katika desturi za kale za Wanyiramba vilevile, ukoo hushuka kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huko msichana asiyejua mama yake ni nani haji peke yake bila ukoo: anakuja na wanawe ambao bado hawajazaliwa, na wajukuu, kwa kuwa hao wote wangepaswa kuupokea kwake. Kwetu angalau aliweza kuolewa, na watoto wake wakaingia ukoo wa mume pasipo maswali. Ndiyo sababu nasema kwamba mtu anayetaka kutunga kanuni moja ya kuandika nasaba kwa nchi nzima atazame kwanza safari ya nusu siku kutoka Ilongero.

Serikali nazo zina madaftari yao. Waingereza walipotunga kwao sheria ya kuasili ya 1926 walianzisha vitabu vinavyostahili kufikiriwa: katika daftari la vizazi jina la mtoto lilitiwa alama ya kuasiliwa, katika daftari la pili aliandikwa upya chini ya wazazi wapya, na kilichoonyesha uhusiano wa haya mawili kilihifadhiwa kwa Msajili Mkuu mbali na macho ya watu. Ikawachukua hata 1975 kuamua kwamba mtoto mwenyewe, akitimia miaka kumi na minane, anayo haki ya kuiona hati ya kuzaliwa kwake. Sisi tulikuwa na sheria yetu ya tangu ukoloni, Sura ya 335, hata ikafutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo nayo inamtaka Msajili Mkuu atunze daftari la watoto walioasiliwa, na amri ya kuasili inatolewa na Mahakama Kuu. Yote haya ni mema. Walakini Mahakama Kuu iko mbali na choroko za bibi, na watoto walio wengi wanaolelewa na shangazi, na mabibi, na majirani katika vijiji vya Ikungi na Iramba na Mkalama hawatafika huko kamwe, na daftari pekee litakalowataja, kama litawataja, ni lile lililonunuliwa dukani.

Miaka mitano baada ya kazi yangu, hoja ya baba mkubwa ilipata siku yake. Mjukuu wa bibi, kijana wa ukoo wa mume wake, alileta posa kwa binti wa kwetu. Daftari likatolewa sandukuni. Shehe aliyeulizwa alisema kwamba hapana nasaba baina yao, wala hapana maziwa, kwa sababu bibi alipoletwa alikuwa amekwisha kupita umri wa kunyonya, basi ndoa ni halali. Baba mkubwa alifurahi, akafunua ukurasa, akaonyesha wino mwekundu: mnaona faida yake. Lakini mzee mmoja wa nyumba ndogo, aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, aliuliza swali moja, akiliuliza kwa adabu, huku akiichimba ardhi kwa fimbo yake. Aliuliza ng'ombe waliomwoa mama yake baba mkubwa walitoka zizi gani.

Kila mtu aliyezidi miaka sitini pale alikuwa na jibu, na hakuna aliyelitoa. Bibi alipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya thelathini, mume wake alileta ng'ombe kumi na wawili. Kwa desturi yetu mahari ya dada humwoza kaka, na ng'ombe kumi na mmoja katika hao ndio waliokwenda kumposa bibi yetu mwingine, yule aliyemzaa baba mkubwa, akamzaa na baba yangu. Kama mtoto wa rehani asingeletwa, au kama mama yake angerudi kumkomboa, babu yangu angeoa baadaye, na mke mwingine, na mwenye kuandika makala hii asingekuwapo. Ukoo wote ulioandikwa kwa buluu katika kurasa za mwisho za daftari ulishuka kutoka kwenye ng'ombe walioletwa na yule wa nyekundu.

Na yule wa kumi na mbili? Huyu nilisimuliwa baadaye, na ndiye anayenifanya nimheshimu babu yake baba yangu, ambaye sikumwona na ambaye katika mambo mengine, kwa ushahidi wa bibi, alikuwa mchoyo. Alimtenga mtamba mmoja, akamwambia mchungaji kwamba huyu asitolewe mahari wala asichinjwe, kwa kuwa ni wa wenyewe, watakapokuja. Mtamba yule alizaa, na ndama zake wakahesabiwa peke yao muda wa miaka mingi, hata wakaisha kwa maradhi ya mifugo. Mtu asiyejua kusoma aliweka katika zizi lake nafasi ya wazazi wasiojulikana, nami niliyesomeshwa sikuiweka katika karatasi.

Ndoa ile haikufungwa. Si shehe aliyeizuia, wala wazee. Binti mwenyewe alisema kwamba kijana huyo amemwita kaka tangu wakiwa wadogo, na hawezi sasa kujifunza kumwita jina jingine. Hapo ndipo nilipoona kwamba baba mkubwa alikuwa na haki nusu. Kweli ya kuzaliwa lazima iandikwe, tena bila kupakwa asali, kwa ajili ya ndoa, na kwa ajili ya maradhi yanayofuata damu, na zaidi ya yote kwa ajili ya mlelewa, maana hakuna mwingine mwenye haki kubwa zaidi ya kuijua. Mtu anayemwandika mlelewa kana kwamba alizaliwa mle, kwa kudhani anamfanyia hisani, anamwibia wale waliomleta mpaka mlangoni. Lakini kweli ya kulelewa nayo ni kweli, ina tarehe zake na mashahidi wake na ng'ombe wake, na haina sababu ya kuandikwa kwa wino wa pembeni.

Bibi alifariki mwaka 1994. Nilinunua daftari jingine na kalamu ya buluu, nikaandika yote upya tangu kizazi cha kwanza, na baba mkubwa, ambaye alikuja kuketi karibu nami jioni mbili mfululizo bila kusema alichofuata, hakunikataza. Ukurasa wa watoto wa babu yake baba yangu sasa una wana wanne na mabinti watatu. Mbele ya jina la watatu nimeandika kwamba alizaliwa Ugogo yapata 1913, akaletwa na mama yake wakati wa Mtunya, akalelewa hapa, akaolewa kutoka hapa kwa ng'ombe kumi na wawili, na matumizi ya ng'ombe hao nimeyaeleza mmoja mmoja. Nimeandika pia kwamba nasaba yote iliyotangulia ilitajwa na yeye. Tangu wakati huo nimewaandika watoto wengine kwa namna hiyo hiyo, na wapo wengi, kwa sababu UKIMWI nao ulileta watoto milangoni petu kama ilivyoleta njaa, ila hawa angalau tuliwajua baba zao.

Juu ya jina la bibi nimeacha mistari miwili mitupu, wa baba na wa mama. Nawe msomaji wa Manyoni, au wa Kilimatinde, au wa kijiji chochote cha Ugogo ambacho moshi wa gari moshi ulikuwa ukionekana kutoka juu ya mwamba, kama kwenu husimuliwa habari za mwanamke aliyekwenda kaskazini na watoto wawili akarudi na mmoja, au hakurudi kabisa, nakuomba unijulishe. Jina la mtoto lilikuwa jingine kabla hajaja kwetu, na alilisahau.

Mistari ipo, na wino wa buluu bado ninao.